Kijana wangu anatazamwa kwa ajili ya drafti ya besiboli: asaini au aende chuo?

"Kocha, habari za kazi. Sisi ni familia kutoka Uvira, tulikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Kentucky. Mwanangu ana miaka 17, anamaliza sekondari mwezi wa tano. Alianza besiboli akiwa na 13, sasa anacheza uwanja wa nje, pale katikati. Ana mbio sana. Mwezi uliopita skauti, yule mtafuta vipaji wa klabu, alikuja nyumbani akatuuliza maswali mengi, hata urefu wangu na wa baba yake. Alisema mtoto anaweza kuchaguliwa raundi za mwisho. Chuo kimoja kimetoa ofa ya kumlipia sehemu ya karo. Halafu kuna bwana anayetaka tusaini karatasi ili awe mshauri wake. Mjomba wake anasema akichaguliwa tu tumetoka kimaisha, mwakani tutamwona kwenye televisheni. Baba yake anasema mpira si kazi, asome. Mtoto bega linamuuma akirusha mpira kutoka mbali, na hataki tumwambie mtu. Tufanye nini? Na kuna Mwafrika aliyewahi kufika?"

Dada yangu, asante kwa kuandika yote bila kuficha, hasa hilo la bega. Nikiusoma ujumbe wako naona maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la pesa: je, mlango huu ni wa kweli au ni ndoto? La pili ni la mtoto: akiingia asifike, atabaki na nini mkononi? Nimefundisha vijana wa uwanja wa nje kwa muda mrefu, na wazazi wengi wanaonijia wanauliza la kwanza tu. Wewe umeuliza yote mawili, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na mjomba wake, maana anachosema ndicho watu wengi wanachoamini. Mjomba anafikiria mpira wa kikapu, ambako kijana huchaguliwa mwezi wa sita na Oktoba hiyo hiyo yuko uwanjani na nyota. Besiboli haiendi hivyo. Kila moja ya klabu 30 za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) ina timu nne za chini yake: A, A ya juu, AA na AAA. Chini ya hizo kuna vituo vya mazoezi vya Arizona na Florida vyenye ligi yao ya wanaoanza. Drafti, yaani zamu za klabu kuchagua vijana wapya, hufanyika Julai na ina raundi 20. Kijana wa miaka 18 akichaguliwa na kusaini, hupelekwa kwenye kituo. Huko hucheza juani, na watazamaji ni makocha, maskauti wa klabu nyingine na wazazi wachache waliosafiri. Hakuna televisheni.

Kutoka hapo anapanda ngazi moja baada ya nyingine. Mike Trout, mlinzi wa nje aliyechaguliwa wa 25 mwaka 2009 akitoka sekondari kule New Jersey, aliingia Ligi Kuu Julai 2011. Huyo alikwenda kwa kasi isiyo ya kawaida, na hakuna mzazi anayepaswa kupanga maisha kwa kumtazama yeye. Mtazame Mike Yastrzemski. Babu yake Carl ni mmoja wa walinzi wa nje wakubwa katika historia ya mchezo huu, kwa hiyo jina lilikuwepo na malezi ya mpira yalikuwepo. Alipomaliza sekondari mwaka 2009, Boston Red Sox, klabu ya babu yake, ilimchagua raundi ya 36. Akakataa, akaenda Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Akachaguliwa tena mwaka 2012, akakataa tena. Mwaka 2013 akasaini na Baltimore Orioles baada ya kuchaguliwa raundi ya 14. Alikaa ligi za chini mpaka Machi 2019, Baltimore ikampeleka San Francisco Giants, na Mei 25 mwaka huo akacheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu akiwa na miaka 28. Msimu huo huo alipiga mipira 21 nje ya uzio. Ligi za chini zimejaa wanaume wa umri huo na uwezo unaokaribia wake ambao simu haikuwahi kuwaita.

Sasa tuje kwenye pesa. Mpaka miaka michache iliyopita hali ilikuwa ya kusikitisha kweli: mchezaji wa daraja la A alilipwa kama dola 11,000 kwa mwaka na kujitafutia chumba. Mwaka 2022 klabu zilianza kuwapa wachezaji makazi, na mwaka huo huo wachezaji wa ligi za chini wakajiunga na chama cha wachezaji, MLBPA. Mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mkataba huo uliweka kima cha chini cha dola 19,800 kwa mwaka kwa walio vituoni, 26,200 daraja la A, 27,300 A ya juu, 30,250 AA na 35,800 AAA. Mtu anaweza kuishi nazo akiwa peke yake, lakini si pesa za kujenga Uvira. Ligi Kuu yenyewe kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, na pengo hilo kati ya AAA na Ligi Kuu ndilo linalowafanya watu wazima waendelee kupanda basi mpaka wanafika miaka 30.

Kwa hiyo pesa ya maana kwa kijana wa sekondari ni dau la usajili, ile anayolipwa kwa kusaini, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Dau la usajili huonekana kama zawadi. Mimi nakuambia ni kipimo cha subira ya klabu. Aliyelipwa milioni mbili, akipiga vibaya mwaka wa kwanza na wa pili, klabu itamwita kocha maalumu, itambadilishia namna anavyosimama kupiga, itampa mwaka wa tatu na wa nne, kwa sababu kuna mtu ofisini aliyeweka sahihi kwenye hundi ile. Aliyelipwa elfu chache akianza vibaya huitwa mwishoni mwa mazoezi ya machipuko, yale ya kabla ya msimu, anashukuriwa, anapewa tiketi ya ndege ya kurudi kwao. Tangu 2024 klabu haziruhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 165 katika ligi zao za chini za Marekani wakati wa msimu, wakati zamani walikuwa 180. Nafasi za kusubiri zimepungua, na wanaotemwa kwanza ni wale waliogharimu kidogo.

Subira hiyo ni muhimu zaidi kwa mwanao kuliko kwa kijana mwingine, na sababu yake imo kwenye nafasi anayochezea. Uwanja wa nje una watu watatu: kushoto, katikati na kulia. Wa katikati anahitaji mbio na akili ya kusoma mpira, wa kulia anahitaji mkono wenye nguvu wa kurusha mbali, na wa kushoto husamehewa mengi akiwa anapiga vizuri. Mwanao yuko katikati kwa ajili ya mbio zake, na ni jambo jema. Lakini katika klabu yoyote atakayokwenda kuna timu nne juu ya kituo, kila moja ina walinzi wa nje wanne au watano, na wengi wao nao walikuwa wa katikati walipotoka sekondari. Wengine walikuwa wachezaji wa ndani, wakasogezwa nje kwa sababu gongo lao ni zuri. Wote hao wanagombea nafasi nne au tano za Ligi Kuu. Mbio zitamfungulia mlango, lakini kitakachoamua kama anabaki ndani ni kupiga.

Na kupiga ndiko kuna kazi. Mrushaji anasimama mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4, na katika muda huo mtoto lazima aamue kama ni mpira wa kupiga au wa kuacha, ni wa kunyooka au ni ule utakaochepuka dakika ya mwisho. Uamuzi huo haufanywi kwa kufikiri, jicho linakuwa limeshaona mipira ya aina ile maelfu ya mara. Kijana wa Florida aliyeanza na miaka sita na kucheza mwaka mzima ameona mipira mingi kuliko mwanao, na hilo halina uhusiano na kipaji. Ni hesabu tu, na hesabu hiyo hulipwa kwa muda.

Ukitaka kuliona mwenyewe, nenda mazoezini ukamtazame akiwa amesimama katikati. Usitazame kama anaudaka mpira. Tazama mguu wake pale gongo linapogusa mpira. Mtoto aliyecheza miaka mingi mguu wake wa kwanza unakwenda upande sahihi kabla mpira haujapanda. Aliyeanza juzi husimama kidogo, au hupiga hatua moja mbele kisha anageuka na kukimbia nyuma, na mbio zake ndizo zinazofuta kosa. Sekondari mbio hufuta. Kwenye AA mpira ule ule unaanguka nyuma yake na watu wawili wanafunga. Skauti anayaona haya, na ndiyo maana akataja raundi za mwisho. Hakumtukana. Amesema kipaji kipo, bado hakijaiva.

Swali lako la Mwafrika lina jibu zuri. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, na Aprili 26, 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza Ligi Kuu. Alikuwa mchezaji wa ndani, si wa nje, na mara yake ya kwanza kushika gongo alipiga mpira akafika salama kituo cha kwanza cha kukimbilia uwanjani. Hesabu mwenyewe miaka aliyongoja. Mwenzake Tayler Scott, mrushaji, alifuata mwaka 2019. Na jirani zetu wa Uganda, ambao timu yao ya watoto mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, sasa wana vijana waliosajiliwa: Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Hao wa Uganda walisajiliwa kwa njia ya wachezaji wa nje ya Marekani. Mwanao, kwa kuwa anasoma sekondari ya Marekani, anaingia kwenye drafti awe raia au asiwe. Kama karatasi zenu za ukaazi bado hazijakamilika, zungumzeni na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote, maana mchezaji wa ligi za chini ni mwajiriwa.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui: kuchaguliwa si kusaini. Klabu ikimchagua Julai, anaweza kusema hapana na kwenda chuo, na hajapoteza kitu. Aaron Judge, yule jitu la New York Yankees, alichaguliwa na Oakland raundi ya 31 mwaka 2010 akitoka sekondari ya mji mdogo California. Alikataa, akaenda Chuo Kikuu cha Fresno State, na mwaka 2013 Yankees wakamchukua raundi ya kwanza. Angesaini na miaka 18 angelipwa kidogo na kuvumiliwa kidogo.

Lakini chuo nacho si kimoja, na tofauti yake inagusa drafti moja kwa moja. Akijiunga na chuo cha miaka minne, hawezi kuchaguliwa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akijiunga na chuo cha miaka miwili, anaweza kuchaguliwa kila mwaka. Kwa mtoto aliyechelewa kuanza, njia hii ya pili nina imani nayo sana. Lorenzo Cain hakuwahi kucheza besiboli mpaka darasa la kumi, alipokosa nafasi kwenye timu ya kikapu ya shule yake Florida. Milwaukee Brewers walimchagua raundi ya 17 mwaka 2004, yeye akaenda kwanza chuo cha miaka miwili Tallahassee, akasaini mwaka 2005. Aliingia Ligi Kuu 2010, na 2015 alikuwa mlinzi wa katikati wa Kansas City Royals walipotwaa ubingwa. Hadithi yake inafanana na ya mwanao kuliko ya Trout.

Haki itendeke kwa upande wa kusaini pia. Ligi za chini zinampa kocha wa kupiga kila siku, chakula, makazi, na mechi 132 kwa msimu akifika daraja la A, wakati msimu wa chuo kikuu una mechi zisizozidi 56. Kwa kuona mipira mingi, ligi za chini zinashinda. Kuna kijana ambaye darasa humtesa na uwanja humponya, na kumlazimisha chuo ni kumpotezea muda. Wewe ndiye unayemjua. Lakini ajue pia kwamba akisaini na miaka 18 klabu inamshikilia misimu saba, na akisaini na miaka 19 au zaidi ni sita. Katika muda huo hawezi kuhama kwa hiari yake, ila klabu inaweza kumuacha siku yoyote.

Ofa ya chuo pia isomwe vizuri. "Sehemu ya karo" inaweza kuwa robo, inaweza kuwa robo tatu. Muombe kocha wa chuo aandike: ni kiasi gani, ni kwa miaka mingapi, inafutwa kwa sababu gani, na akiumia inakuwaje. Kanuni za ufadhili wa besiboli vyuoni zimebadilika kuanzia msimu wa 2025-26. Vyuo vikubwa vilivyokubali utaratibu mpya vinaweza kulipia wachezaji wengi zaidi, lakini kikosi hakizidi watu 34, kwa hiyo baadhi ya makocha wanapunguza vijana. Uliza waziwazi walinzi wa nje ni wangapi na wangapi wanarudi mwakani.

Kuhusu yule bwana wa karatasi, msisaini. Huenda ni mtu mwema kabisa, na kijana wa drafti anahitaji mshauri kweli. Lakini kwanza mpigieni simu MLBPA mthibitishe kwamba ni wakala aliyeidhinishwa. Kisha muulizeni anachukua asilimia ngapi, ya nini, na lini. Wakala halali hulipwa kwa asilimia ya mkataba ukishasainiwa. Anayetaka pesa mkononi leo, za "kumtangaza mtoto", mfungulieni mlango atoke. Na kabla ya sahihi yoyote, ulizeni ofisi ya kile chuo inayosimamia kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kwa sababu karatasi mbaya inaweza kumfungia mtoto mlango wa kucheza chuo hata kama hakupokea senti.

Sasa bega, ambalo kwangu linatangulia yote haya. Maumivu ya bega kwa mtoto wa miaka 17 anayerusha kutoka uwanja wa nje yanaweza kuwa uchovu wa misuli unaoisha kwa mapumziko. Yanaweza pia kuwa kano zilizokwaruzika, au ile sehemu ya juu ya mfupa wa mkono ambayo bado inakua na haijafunga. Mimi ni kocha, siwezi kujua ni lipi, na kocha wa shule naye hawezi. Mpelekeni kwa daktari wa michezo wiki hii, na mpaka aonwe asirushe. Apige, akimbie, adake, lakini asirushe. Kama yanamwamsha usiku, kama mkono unakufa ganzi, au kama hawezi kuuinua juu ya kichwa, msingoje miadi ya wiki ijayo.

Mwambie mwanao pia kwamba kuficha hakumsaidii. Klabu humpima mchezaji kabla ya kukamilisha mkataba. Bega likionekana siku hiyo, dau linashuka au ofa inaondolewa, na Agosti chuo nacho kinaweza kuwa kimejaza nafasi yake. Likijulikana sasa na kutibiwa, skauti atauliza tu kama limepona.

Ungeniuliza ningefanya nini kama angekuwa wangu, nisingemruhusu asaini kwa pesa ya raundi za mwisho, isipokuwa klabu ije na dau kubwa na iandike kwenye mkataba kwamba itamlipia chuo baadaye. Mpango huo upo na klabu nyingi huukubali, lakini lazima uwemo ndani ya mkataba kabla ya sahihi, na aanze masomo ndani ya miaka miwili baada ya kuacha mpira. Dau la raundi hizo likiwa hata dola 150,000, kodi na wakala wakishachukua chao, robo au zaidi inaweza kuwa imekwenda. Gawanya kinachobaki kwa miaka saba. Ningemtafutia chuo cha miaka miwili chenye kocha mzuri wa kupiga, arudi kwenye drafti akiwa na miaka 19 na bega zima. Baba yake atapata masomo anayoyataka, na mtoto hatasema alinyimwa nafasi.

Lakini mtoto mwenyewe aulizwe, na aulizwe akiwa ameona. Bahati yenu mko Kentucky. Bowling Green kuna timu ya A ya juu, Hot Rods, ya klabu ya Tampa Bay Rays. Louisville kuna Bats, timu ya AAA ya Cincinnati Reds. Nendeni zote mbili na mjomba akiwemo, mfike mapema wakati wa mazoezi. Bowling Green ataona vijana wa miaka 20 na 21 wanaomzidi kidogo tu. Louisville awatazame walinzi wa nje wa akiba, wale viraka wanaoweza kucheza kushoto, kulia na katikati, wengine wana wake na watoto jukwaani, na bado wanangoja. Kisha muulize njiani mkirudi kama hayo ndiyo maisha anayoyataka, na umwache ajibu bila mtu mzima kumkatiza.

Skauti akirudi, muulizeni mbele ya mtoto: klabu yenu inamwona ni wa dau gani, na je, mtamwekea pesa ya chuo? Akisema bado hajui, ni jibu la kawaida. Akiwabana mseme leo ni kiasi gani mtakubali, mjibuni kwamba mtazungumza baada ya daktari na baada ya kumpata wakala aliyethibitishwa. Ofa ya chuo na majibu ya daktari yakishapatikana kwa maandishi, niandikie tena na uniambie namba zilizomo. Nitazipitia moja moja kabla ya Julai.